Bibi Arusi wa Masomo ya Mdogo Wangu

Upumbavu wangu niuseme mapema, nisije nikaanza kujitetea: nilikubali kukaa kwenye mkeka wa bibi arusi bila kuwa na bwana. Sikuposwa, sikutoroshwa, hata mwanamume wa kunisingizia hakuwako. Nilikubali kwa sababu mdogo wangu aliniomba vizuri, na kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa ya kukaa, na kukaa ndiyo kazi ninayoiweza.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikifika Kituku, pale ziwani, kununua vile visamaki vya sambaza, naona nimesafiri. Mji wa Kiwanja nilikwenda mara moja, kwa harusi ya watu, na kichwa kikaniuma tangu tulipopanda lori mpaka nilipouona tena ukuta wetu wa mawe meusi ya volkano. Nilipata diploma yangu ya sekondari, nikapata kazi ya kupiga mashine ya kuandikia kwenye depo moja ya kahawa hapa Goma, na kila jioni nilirudi kwa mama yangu kama kuku anayejua kizimba chake. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Wenzangu wakaolewa mmoja mmoja. Mimi nikazidi kuujua mlango wetu, unavyolia wakati wa mvua na unavyonyamaza wakati wa kiangazi, nikaona hiyo nayo ni elimu.

Mdogo wangu yeye, msichana vilevile, alizaliwa na miguu. Alikwenda Kinshasa kusoma chuo kikuu, na alipomaliza akaenda Ulaya kusoma tena, yale masomo ya juu yanayokuja baada ya shahada. Mama akaniuliza anasomea nini. Nikamwambia ngoma. Akaendelea kuchambua maharagi, halafu akauliza kama huko wanaanza na magoti au na mabega. Nikamwambia sijui, pengine wanaanza na kitabu. Akasema basi watachelewa.

Likizo moja akarudi, na suruali yake, na kamera ya sinema, na redio ya kurekodi sauti. Alikaa nasi uani akatusimulia. Wanasomea kwenye ukumbi mkubwa wenye vioo ukuta mzima. Kuna mwanamume kutoka Brazili, msichana kutoka Java, Mhindi mwenye visigino vinavyopiga chini kama mvua ya mawe, na mmoja wa Senegali anayewachekesha wote. Kila mmoja anawafundisha wenzake ngoma ya kwao, kisha wanakaa na kuuliza: inachezwa na nani, kwa nini, na ingekufa nani angeililia. Akasimama juu ya mawe yetu meusi akatuonyesha ile ya Java, macho upande, vidole vimekunjwa kurudi nyuma. Mama alimtazama mpaka mwisho. Akauliza huyo anayekataliwa kwa vidole ni nani.

Tulicheka. Hiyo ilikuwa jioni nzuri, naiandika ili isemwe kwamba zilikuwako.

Shida ilikuwa kazi ya mwisho ya masomo hayo. Kila mwanafunzi alete ngoma ya kwao, tena isiwe ya jukwaani; iwe ile ambayo watu wanaicheza kwa haja yao wenyewe. Mdogo wangu alikuwa amepeleka kwanza ile animasio yetu. Ilikuwa miaka ile ya Zaire, tukiitana sitwayeni, yaani raia, na kuvaa vikwembe, vile vitenge vyenye sura ya Mkuu wa nchi, ambayo tuliikalia kila tulipoketi. Kwenye depo tulianza kazi kwa kuimba na kukata viuno kwa ajili yake, na sikukuu zote tulichezea uwanjani. Mimi niliwekwa mstari wa nyuma kabisa, karibu na choo, maana kiongozi wetu alisema mikono yangu ni ya mtu anayefukuza kuku kwenye unga. Likizo ya kabla ya hiyo mdogo wangu alitupiga filamu, akaionyesha huko. Mwalimu wake akamuuliza neno moja tu: hawa watu wasingeitwa, wangekuja? Angeniuliza mimi ningemjibu. Chai yangu nisingeiacha.

Kwa hiyo safari hii alitaka ngoma ya mama.

Ni ngoma ya kumtoa binti. Kwenye kilima chetu, huko Masisi, bibi arusi anakaa kwenye mkeka uani, amefunikwa kikwembe kichwani. Wamama wanamzunguka, mikono juu imepinda kama pembe za ng'ombe, wanapiga miguu na kuimba mabaya yake yote tangu utoto. Mwisho mama mzazi anacheza peke yake. Anamwinua binti, anakwenda kinyumenyume mbele yake mpaka kwenye mlango wa uzio, na hapo wanapishana: binti anabaki anatazama barabara, mama anatazama nyumba. Mama anaingia ndani bila kugeuka. Tangu hapo mkono wake haumpakulii tena binti huyo chakula, wala binti halali tena chini ya paa lile, mpaka siku wakwe zake watakapomleta kusalimia, na kibuyu cha maziwa mbele. Kila mama anaicheza mara moja kwa kila binti.

Wamama wa kilima chetu waliohamia Goma walikuwa wakikutana Jumapili baada ya ibada. Mdogo wangu aliwaendea na sukari na sabuni. Sukari waliipokea, ngoma wakaikataa. Wamtoe nani? Mmoja akamuuliza kama huko Bulaya watu wanalia kilio na mutu hajafa bado. Mdogo wangu akarudi nyumbani amenuna, akaniangalia. Aliniangalia muda mrefu, kama fundi anayeangalia kipande cha ubao kilichobaki.

"Yaya," akasema, na kwetu hivyo ndivyo anavyoitwa mkubwa wa kuzaliwa, "wewe utakaa tu. Hutacheza hata kidogo."

Ni nani angekataa kazi kama hiyo?

Siku yenyewe wamama walikuja wamejifunga vizuri, na mama akanisimamisha katikati yao. Akaniuliza kama ninakubali kutoka. Nikacheka nikamwambia nakubali, mama, unitoe tu. Hakucheka. Aliingia ndani, akafungua kasha lake, akatoa kikwembe ambacho sijapata kukiona, kina mikunjo migumu ya kukaa miaka, kinanuka dawa ya nondo. Nilidhani amekitafuta kwa ajili ya filamu. Mimi, mwenye diploma.

Wakaimba. Waliimba jibini niliyoiba utotoni nikasema ni paka. Waliimba maji ya ziwa niliyokataa kuchota, na yule mchumba mmoja aliyekuja na mjomba wake nikajificha nyuma ya banda la mbuzi mpaka wakaondoka. Chini ya kikwembe nilisikia joto, nikawa nafikiri maharagi niliyoyaacha kwenye jiko la mbabula, kama makala ya moto hayajawa majivu. Kisha wakanyamaza, nikasikia miguu ya mtu mmoja.

Mama yangu alikuwa na magoti mabovu. Wiki ile nzima aliyalalamikia, akiinuka anashika ukuta. Siku ile sijui aliyaacha wapi. Alikwenda chini na kupanda, akaniinua kama mtoto mchanga anavyoinuliwa, akanifunua uso, akanivuta kwa macho mpaka kwenye mlango wa uzio. Kamera ililia tik-tik-tik kando yetu. Tulipopishana uso wake ulikuwa umelowa, nikadhani ni jasho. Halafu akaingia ndani, na mimi nikabaki naangalia barabara, mbuzi wa watu, na mama wa jirani aliyekuwa amesimama juu ya jiwe kwao ili aone vizuri.

Mdogo wangu akazima kamera. Akanikumbatia, akasema ilikuwa zaidi ya alivyotumaini. Nikavua kikwembe kichwani, nikarudi uani nikatazame maharagi.

Mama alikuwa mlangoni. Akaniuliza ninatafuta nini. Nikamwambia maharagi yangu. Akasema yameiva, watakula wao. Nikacheka tena, maana mimi nachelewa kuelewa, nikamwambia mama, ilikuwa kwa ajili ya masomo ya mutoto wako.

"Nilikuuliza mbele ya wamama," akasema. "Ulikubali."

Hakupandisha sauti. Nilimwangalia niione ile dalili ndogo ya utani anayoweka pembeni ya mdomo, haikuwako. Wamama walikuwa wanaokota vitu vyao pole pole, hakuna aliyenitazama. Nikatoka na kikwembe kile mkononi, sina hata viatu.

Nilikwenda kwa jirani, ningekwenda wapi? Mama huyu ni Mkatoliki wa upande wa Bukavu, mwuza sambaza, bwana wake karani anayehamishwa kila mara. Alinionyesha kitanda cha binti yake aliyekuwa kwenye shule ya masista, akasema mablanketi ni yale. Pole hakunipa. Aliniuliza tu, kama wote walivyoniuliza baadaye sokoni na kwenye depo, bwana yuko wapi.

Mdogo wangu alikuja kuniona kesho yake. Nilimwomba jambo moja: amwambie mama, mbele ya wale wamama, kwamba yalikuwa maigizo, na yeye ndiye aliyenitia humo. Kwake mama angesikia. Alikaa akichuna ngozi kando ya kucha.

"Yaya, nikisema ni maigizo sina kitu," akasema. "Itakuwa kama ile ya uwanjani."

Nikamuuliza, na mimi je? Akasema itapita, mama atachoka. Kisha akarudi ng'ambo ya ukuta kulala kwenye kitanda changu. Yeye tangu mwanzo aliondoka kwa ndege bila ngoma, bila mkeka, kwa hiyo mlango uko wazi kwake mpaka leo; anakwenda mpaka kwa Wabrazili na kurudi akipakuliwa. Mimi nisiyefika mahali ndiye niliyetolewa. Likizo yake ilipokwisha alipita kuniaga, na filamu zake zimefungwa kwenye nguo zake za joto. Aliniachia sweta. Zuri, tena.

Mama hakuchoka. Wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Asubuhi alinisalimia juu ya ukuta, akaniuliza nimeamkaje, kama unavyomuuliza binti aliyeolewa mtaa wa jirani. Alinipa maharagi mabichi kwenye kikapu. Yaliyopikwa, hapana. Niliyapika mwenyewe kwenye mbabula ya watu nikisikia mlango wetu unalia kwa mvua, na hakuna aliyejua kuuinua kidogo kwanza, kama nilivyokuwa nikifanya.

Ikaja kazi ya mdogo wangu, imepigwa chapa na kufungwa kama kitabu. Wamempa sifa kubwa. Msichana wa Java na yule wa Senegali, alisema kwenye barua, walilia walipoona filamu. Picha yangu iko katikati: nimefunuliwa kikwembe, uso umeanguka, na chini wameandika kwamba huzuni ya bibi arusi katika ngoma hii ni ya desturi, si ya moyo. Hapo sikuwa na huzuni ya desturi wala ya moyo, nilikuwa na maharagi. Huzuni ilikuja baadaye, kamera imekwisha kuzimwa.

Mama aliniomba nimsomee, naye upande wake wa ukuta, mimi upande wangu. Nikamgeuzia Kifaransa kile kidogo kidogo. Nilipofika pale palipoandikwa kwamba baada ya ngoma hii binti harudi, nilingoja. Nilidhani atasema kitu juu yangu.

"Ameandika sawa," akasema.

Ndipo nikaona nikiendelea kukaa hivi nitazeeka kwenye kitanda cha mtoto wa shule. Siku ya soko nikanunua maziwa kwa wachungaji walioshuka kutoka Masisi, nikaazima kibuyu, nikakipangusa vizuri. Nikamwendea mama wa jirani, alikuwa anageuza sambaza juani. Nikamweleza kwa heshima zote: ajifunge kikwembe kizuri, atangulie na kibuyu, mimi nimfuate nimeinamisha kichwa, kwenye mlango wa uzio aseme yeye ni mama mkwe wangu, amenileta kusalimia. Ni maneno machache tu. Mama atapokea, nitaingia, basi.

Alimaliza kugeuza samaki wake wote kabla ya kunijibu. Akajipangusa mikono, akachukua kibuyu, akakinusa.

"Ulitoka kwa uongo, sasa unataka nikurudishe kwa uongo," akasema. "Mama yako alikutoa kweli. Lete hayo maziwa tuweke mu chai, na kesho utafute nyumba."