Kadi Iliyojazwa Nyimbo Juu ya Sauti ya Kabula

Wewe unayependa kucheka mambo ya watu, cheka sasa hivi umalize kabisa, kwa sababu ninachosimulia kimenipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa Misunkumilo, Mpanda, na pombe sinywi.

Mwanangu Kabula alifariki kwa homa wakati wa mvua zilizopita. Picha yake ya maana sikuwa nayo hata moja. Nilichobaki nacho ni sauti aliyojirekodi akichezea simu yangu: "Mayu, rudi na maandazi! Mayu, umesikia?" Halafu anacheka. Sisi Wasukuma mama tunamwita mayu. Nisipoisikiliza ile sauti, usingizi ulikuwa hauji.

Basi, mdogo wangu Masanja akaja kutoka porini anakochunga, na redio yake ndogo anayoivaa shingoni, maana wachungaji hawatembei bila muziki. Kadi yake ya nyimbo ilikuwa imekufa. Akachomoa ya simu yangu bila kuniuliza, ndiyo yenye sauti ya Kabula, akaichomeka, redio ikakaa kimya. Redio zile zinasoma nyimbo tu, sauti iliyorekodiwa na simu haziioni. Masanja akajua kadi ni tupu. Akaenda nayo mjini, akajaziwa nyimbo za harusi mpaka ikajaa pomoni.

"Dada, mimi nilijua haina kitu!" alilia nilipomwambia. Sasa ningemfanya nini?

Nikakimbilia na ile kadi kwa fundi simu pale sokoni. Akaihangaikia weee, mwisho akaiweka mezani.

"Pole, Mama Kabula. Ingekuwa imefutwa tu, ningekurudishia. Kitu kikifutwa bado kipo mle ndani, kadi imesahau tu kilipo. Lakini hapa wamejaza nyimbo juu yake mpaka mwisho. Hakuna cha kutafuta tena."

Nikarudi kwa miguu, nalia bila kujificha. Kwenye njia inayokatiza mashamba ya mahindi, mtoto akatokea mbele yangu. Niamini. Gauni la kijani nililomzika nalo, kovu la moto gotini, hata kivuli chake nilikiona. Nani angenidanganya juu ya mwanangu mwenyewe?

Akafungua mdomo kuniita. Midomo ilisema Mayu, niliisoma vizuri kabisa. Iliyotoka ni sauti ya mwanaume mtu mzima, anaimba wimbo wa harusi, na vigelegele nyuma yake. Kabula mwenyewe alishtuka. Akajaribu tena, wimbo ukaendelea pale ulipoishia. Akaanza kulia, na kilio nacho kikatoka mlio wa ngoma.

Nikaziba masikio. Mimi, mama yake! Akaniona, akafunga mdomo, akaingia kwenye mahindi. Nilimtafuta mpaka nikaharibu shamba la watu, wapi!

Tangu siku hiyo nikijaribu kukumbuka alivyokuwa anaongea, unakuja ule wimbo. Maneno yake ninayo, nimeshakutajia, lakini sauti imetoka hata kichwani mwangu. Na wimbo wenyewe unapigwa Mpanda nzima.

Wewe mwenye sauti ya marehemu wako kwenye simu, ihamishe leo, umpe na mtu mwingine akutunzie. Ikifutika kwa bahati mbaya, zima simu, usipige picha, usipokee hata video, kimbia kwa fundi. Na usijidanganye kwamba utaikumbuka.

Mahindi yameshavunwa, yamebaki mabua. Bado napita pale kila mchana. Akija hata na sauti ya yule mwanaume, nitakaa chini nisikilize wimbo wote.