Mama Mkwe Ndani ya Loki

Mama mkwe wangu alikuja kututembelea kutoka Mombasa, na wiki nzima tulikaa naye kwenye fleti yetu ya Brooklyn Park, Marekani, kama na mgeni wa serikali. Mimi namwamkia, yeye anaitikia, basi. Mume wangu alikuwa kazini kutwa. Kwa hiyo mfanyakazi mwenzangu, Mmarekani mwenye kiboti chake cha injini, aliponialika kwenye mto Mississippi Jumamosi, nilimchukua na mama.

Sikumwambia habari za loki kwa sababu hata mimi sikuijua. Ni chumba kirefu cha zege kando ya bwawa, chenye milango ya chuma mbele na nyuma. Boti ikishaingia milango hufungwa, kisha maji hutolewa mpaka yalingane na mto wa chini. Taa ya kijani ikawaka, tukaingia. Mlinzi wa loki akatupigia kelele kutoka juu tushike kamba zilizoning'inia ukutani, ila tusizifunge.

Mama alishika yake kwa mikono miwili, jaketi la kuokolea limemvimba juu ya buibui. Milango ikajifunga nyuma yetu.

"Mwanangu," akasema taratibu, "huu ukuta unapanda?"

"Hapana, mama. Sisi ndio tunashuka."

Akautazama ukuta uliolowa. Tulikuwa tunateremka kama kwenye lifti, bila mtikisiko. Ghafla akacheka. Kicheko kilianzia puani, kikagonga kuta zote, kikaturudia kikubwa zaidi. Nami nikashikwa. Mwenzangu, asiyejua neno la Kiswahili, naye akaangua kicheko. Nikacheka hadi kamba ikaniponyoka na boti ikaanza kuzunguka.

"Shika kamba, wewe!" mama akanifokea, machozi yakimtiririka.

Milango ya mbele ilipofunguka, akanivuta mkono. "Turudi."

"Umeogopa, mama?"

"Niogope nini? Turudi tupandishwe!"

Tukageuka palepale. Mlinzi alituchungulia, akatikisa kichwa, akatupandisha. Mama alimpungia mkono njia nzima.

Tulipofika nyumbani akampigia simu dada yake Mombasa. "Nimeshushwa, nimepandishwa, kwa maji matupu!" Dada hakusadiki. Mama akanisukumia simu. "Hebu mwambie huyu."

Nikafungua kinywa nimweleze. Nikamwona mama akiigiza boti inavyopanda, akijiinua polepole kwenye sofa, mashavu yamejaa pumzi. Nilishindwa hata kutoa shikamoo kwa kucheka.