Shamba Lisiloingia Nguruwe

Plasta ya kwanza dada yangu aliivunja siku ya tano. Mimi nilikuwa kibandani kwangu hapa Korogwe mjini, yeye akatoka na magongo yake, akapanda gari la Handeni, akashuka Kwedizinga kwenda kuona kama majirani wamemmalizia kuvuna mahindi ya vuli. Jioni alirudi na ufa kutoka kisigino hadi karibu na goti. Mguu wenyewe aliuvunja kwenye shamba hilohilo, alipoanguka kutoka kwenye dungu, kile kichanja cha miti ambacho watu hukaa juu yake kufukuza nyani na nguruwe pori.

Daktari alimfunga plasta nyingine, akamwambia mbele yangu: "Mama, wiki sita. Ukiukanyaga tena kabla sijaifungua hii, mfupa utaunga upande na utachechemea maisha yako yote."

"Nimekusikia, dokta," alisema dada.

Mimi huyu mtu ndiye aliyenilea. Najua kwamba hakusema amekubali.

Nikahesabu wiki sita kwa vidole, nikahesabu tena kwa kalenda ya ukutani. Zote mbili zilinipa jibu moja: zinavuka mwanzo wa masika. Mvua ingeanza, Kwedizinga nzima ingekuwa shambani na jembe, na yeye yuko kwenye kochi langu, mguu juu ya ndoo. Naishi peke yangu. Mchana hakuna wa kumzuia.

Ndipo nikaenda kwa fundi simu wa kibanda cha pili kutoka changu, na simu yangu ya zamani ya tachi.

"Niwekee gemu ya mtu mzima. Impendeze, imkalishe."

"Imkalishe muda gani?"

"Wiki sita."

Akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Kaka, hizi haziwezi kumkalisha mtu hata siku sita. Zina sura tu. Ukimaliza kushangaa picha, umemaliza gemu."

"Sasa mbona unaziweka?"

"Wewe mbona unauza viatu vilivyogundishwa?"

Nauza viatu vya mtumba, kwa hiyo swali lilikuwa la haki. Alitaka raba pea mbili kwa kazi hiyo, nikampa pea moja na kamba za ziada, akaniwekea gemu tatu.

Kabla ya kuipeleka simu nyumbani nikazijaribu, kama ninavyojaribu mzigo. Kiatu kinachong'aa sana nakibonyeza soli kwa dole gumba kabla sijakisifia, maana mng'ao huo kwa kawaida nimeuweka mimi mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa ya kupasua viputo vya rangi. Ya pili drafti, na ubao wake umechorwa vibaya, rangi ya matope, lakini ilinifunga mara nne mfululizo na ya tano nikasema mteja amekuja. Ya tatu ilikuwa shamba.

Shamba lile, jamani. Vilima kwa nyuma, kijani kinachokaribia bluu kama milima ya Usambara ukiiangalia kutoka Mombo asubuhi. Majani ya mahindi yanapepea moja moja. Katikati kuna sanamu la kutishia ndege, limevaa shati jekundu, na shati linapeperuka. Nikasema hapa kuna kitu. Nikabonyeza soli. Kazi za kufanya ni tatu: panda, mwagilia, vuna. Nikahesabu tena nikidhani nimeruka moja. Tatu. Ukipanda linaota, ukimwagilia linakua, ukivuna zinamwagika nyota na kengele inalia. Huwezi kukosea. Nilijaribu kukosea kwa makusudi, nikaacha kumwagilia saa nzima. Lilinisubiri bila kinyongo. Nikajisemea hii atailaza chini kabla ya adhuhuri, yeye ambaye amelima miaka yote hiyo. Nikategemea drafti.

Drafti aliitazama kidogo tu. "Hii ni ya wanaume wasio na kazi," akasema, akaifunga. Viputo akavipasua kimoja, akaniuliza kina faida gani, akavifunga navyo. Shamba akalifungua, akaegemea kochi.

Siku ya pili niliporudi nilimkuta ameshikilia simu imechomekwa chaji. Mahindi yote kwenye kioo yamekomaa, yanametameta, na kitufe cha kuvuna kinarukaruka kumwomba.

"Shikamoo dada. Mbona huvuni?"

"Marahaba. Bado mabichi. Huoni majani? Hindi unalivuna likikauka."

"Haya hayakauki, dada."

"Umelima lini wewe?"

Nikakaa pembeni yake. Juu ya vilima walipita ndege wawili, wakatoka upande wa pili. Akaisogeza simu karibu na uso.

"Unawaona hao? Tangu asubuhi wanapima."

Sikuelewa mara moja. Alikuwa analinda. Kwake shamba lililokomaa haliachwi peke yake, na kwa kuwa haliachwi, simu haikuzimwa. Akienda msalani aliniambia niishike. Nikaishika, mtu mzima na biashara yangu, nikiangalia ndege. Walikuwa walewale wawili. Niliwahesabia muda kati ya kupita na kupita, nikarudia, haukupungua wala kuongezeka. Wamechorwa wapite na hawajui kutua.

"Dada, hakuna kinachokuja. Hakuna ndege wa kula, hakuna nyani, hakuna nguruwe. Ni picha."

Alinigeukia kama ninavyowageukia wateja wanaodai ngozi ni plastiki. "Na sanamu wameliweka la nini?"

"Pambo."

"Mtu aliyechora lile shati amewahi kulima. Angalia lilivyochanika begani, pale mti unapochoma. Mtu kama huyo haweki sanamu bure."

Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, na sijamaliza. Nilikuwa nimesema gemu ile haina kitu ndani, na hesabu yangu ilikuwa sahihi, kazi tatu. Lakini yeye alikuwa anafanya ya nne, ambayo hakuna aliyeiweka. Aliitoa wapi? Kwenye bega la shati. Kwa hiyo picha nzuri ilikuwa imeziba upungufu, au ilikuwa imemdanganya tu? Nilimuuliza fundi simu. Akasema, "Anacheza au hachezi?" Nikasema hachezi, analinda. Akasema basi hilo halipo kwenye taaluma yake.

Na mimi sikutaka kuuliza sana, kwa sababu mguu ulikuwa juu ya ndoo. Wiki ya kwanza juu ya ndoo, ya pili, ya tatu. Nikirudi nasalimia, naangalia kwanza plasta kama ina ufa, halafu uso. Nilimwambia ukweli mara moja na hakuukubali. Nikajipa ruhusa ya kutourudia. Huo ndio utaratibu wangu hata kibandani: aliyeulizia soli namjibu, asiyeulizia simfuati barabarani.

Wiki ya tano gemu ikajisasisha yenyewe. Nilikuta imeongezewa mvua. Ilikuwa kazi ya kitajiri kwelikweli: wingu linatanda kutoka kilimani, radi inanguruma ukiweka simu sikioni, matone yanapiga majani na jani linainama kisha linainuka. Nikafurahi. Nikasema sasa amefika, hatatoka hapa hata nimfukuze.

Niliporudi jioni ile simu ilikuwa mezani, imezimwa. Tangu tuanze sikuwahi kuiona imezimwa.

"Nipe magongo yangu," akasema dada. Alikuwa ameshafunga kanga zake kwenye mfuko.

"Kumetokea nini?"

"Mvua imenyesha mchana kutwa humo. Imenyesha mpaka nimesikia baridi. Halafu wananiambia nimwagilie."

"Dada..."

"Mvua inanyesha, mahindi yanasema yana kiu! Mvua ya wapi hiyo haifiki chini?" Akatukana kwa Kizigua, tusi ambalo marehemu mama angelisikia angetufukuza wote wawili. "Wamenikalisha hapa mwezi nalinda matope yasiyolowa. Na wewe ulijua."

"Nilikwambia."

"Uliniambia kama muuza viatu."

Kinachonisumbua hadi leo ni hiki: kabla ya mvua picha ilikuwa nzuri na alikaa. Baada ya mvua ikawa nzuri zaidi, akainuka. Ningependa mtu anifafanulie. Kama uzuri unatosha, ulipaswa kutosha zaidi. Kama hautoshi, wiki zile nne alikalishwa na nini?

Ila siku hiyo sikuwa na nafasi ya kufikiri, kwa sababu nje kulikuwa na ngurumo nyingine, na hii haikutoka kwenye simu.

"Zimebaki siku kumi," nikasema. Nikahesabu tena. "Kumi na moja, kliniki ni Alhamisi."

"Mbegu hazijui Alhamisi."

"Ukiukanyaga utaunga upande."

"Utaunga upande ukiwa na mahindi."

Basi tukapatana bei, kama watu waliokutana gulioni. Nikamwambia yeye akae, nitapanda mimi. Akacheka, cheko la kwanza tangu niingie. Akataka eka mbili. Nikasema nusu, mgongo wangu si mzima. Akaanza kujivuta kuelekea gongo moja. Nikasema robo tatu. Akalishika gongo. Tukaishia eka moja na kunde pembeni, na sharti lake kwamba aone kwa macho.

Ndiyo maana kesho yake nilikuwa Kwedizinga, matope hadi kwenye vifundo, jembe mkono mmoja na ile simu ya gemu mkono mwingine, nimempigia kwa video kwenye simu yangu mpya niliyomwachia. Mtandao kule ni wa kubembeleza. Alichokuwa anakiona, kwa maelezo yake mwenyewe, ni kitu cha kahawia kinachotetemeka, na mara nyingine kidole changu.

"Hatua moja kati ya shimo na shimo!" sauti ikakatika, ikarudi. "Hatua ya kawaida, si ya kukimbia mgambo!"

"Unaona lakini?"

"Sioni kitu. Usikate."

Sikukata. Punje mbili shimo moja, nafukia, nahesabu, nasahau, narudi mwanzo wa mstari kuhesabu upya. Aliangalia ule ukahawia mpaka chaji yangu ikaisha, na nilipoazima simu ya jirani akauliza kwanza mstari wa sita umefika wapi. Jioni, mgongo umekufa, niliichomeka simu chaji nyumbani kwa jirani, nikafungua ile gemu kuangalia tu vile vilima. Sijui kwa nini. Vilinipumzisha, lazima niseme. Nikavuna mahindi yote aliyoyaacha, nyota zikamwagika, nikaona aibu, nikaizima.

Alhamisi ya kliniki plasta ilikatwa. Mguu ulitoka mwembamba, umepauka, magamba kama ya samaki. Daktari akaubonyeza juu, akaubonyeza chini, akatazama picha yake kwenye mwanga. "Umeunga sawa," akasema. "Mama ulitulia safari hii." Dada akaniangalia mimi.

Tulikwenda Kwedizinga wiki iliyofuata, daktari akiwa ameruhusu kutembea taratibu. Mahindi yalikuwa yametoka, marefu kama kidole. Alisimama mwanzoni mwa shamba, akaegemeza fimbo yake ya kutembelea kwenye kisiki, akatembea bila kuishika hadi mwisho wa mstari wa kwanza. Mguu ulifuata mwenzake.

"Mistari yako imelewa," akasema.

"Imeota lakini."

"Mapengo kumi na tisa kwenye huu peke yake."

Nikahesabu mimi, nikapata kumi na saba. Nikarudia kutoka upande wa pili: kumi na tisa. Akafungua pindo la kanga, akanimwagia mbegu kiganjani, na yeye akabaki amesimama wima juu ya miguu yake miwili akinionyesha kwa kidole, wakati mimi nainama.