Mzazi Aliyefukizwa Udi

Nilimwona mama akimtafuna mwanawe kichwa, nami chai yangu bado ya moto mkononi.

Msishtuke, si binadamu. Ila subirini, binadamu wanakuja.

Ilikuwa hapa Guangzhou, Uchina, nilikokuja kumtembelea mwanangu Murshid, anayenunua nguo soko la Guangyuan Xilu na kuzituma nyumbani. Mkewe, Kauthar, hajajaaliwa mtoto. Alikuwa akifuga vinyama viwili mfano wa komba, ila vidogo kama panya, vyenye ngozi ubavuni ya kurukia. Jike ana mfuko tumboni.

Jike akapata mapacha. Kauthar akalia kwa furaha kama kazaa yeye.

Binti yangu mkubwa, Bimdogo, akamcheka. "Haya, tasa kapata wajukuu wa panya!"

Bimdogo ni mwenyeji wa mji huu, anakaa humu humu kwa nduguye, Kichina anakimwaga kama maji. Wanawe wawili nawalea mimi Tanga tangu wananyonya. Simsimangi. Nasema tu.

Vitoto vilipotoka mfukoni, tulishuka sisi wanawake watatu kwa mama muuza vinyama, chini ya ghorofa letu, kuuliza matunzo. Laoban yule, ndivyo tunavyowaita wenye maduka, alisema maneno mengi huku akipepea mkono puani.

Bimdogo akatafsiri: "Anasema mzazi afukizwe udi, na wanawe pia. Kama kwetu tu."

Kauthar akatoa udi wake wa harusi, aliokuwa akiutunza. Akaweka chetezo, akafukiza kitanda chao cha kitambaa, akavifukiza na vitoto, taratibu, huku akiviimbia.

Asubuhi yake ndiyo ile niliyoanza nayo.

Kimoja kimeliwa. Cha pili kimetupwa chini ya tundu, sikio limeng'atwa, kinatetemeka.

Murshid akachungulia. "Tupa. Bu yao." Ni neno la sokoni hapa: sitaki, sichukui.

"Hata panya kajua nyumba hii haina mkono wa uzazi," akasema Bimdogo. "Murshid, nimekwambia, wasichana wamejaa Unguja."

Kauthar alinigeukia mimi. "Mama, kwani mimi nina nuksi?"

"Una mikono ya baridi tu, mwanangu. Chemsha maji."

Tukaanza. Chupa ya maji moto tukaivika soksi nene ili isikiunguze. Juu yake kitambaa laini. Kitoto tukakifunika, pua tukaiacha wazi. Kisha nikashuka peke yangu kutafuta maziwa.

Sijui Kichina. Nilionyesha udogo kwa vidole, nikajifanya natetemeka. Laoban akaelewa. Akanikalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akanipa maji ya moto ninywe. Akanipimia maziwa ya mbuzi ya unga, akaongeza pamba na kibomba kisicho na sindano.

Kisha akazungumza na simu yake, nayo ikatoa Kiswahili kilichopinda:

"Tone moja. Yeye alambe. Wewe usimimine, mapafu yatajaa. Futa chini na pamba vuguvugu, yeye akojoe."

Nikaitikia kwa kichwa. Simu ikaendelea:

"Kwa nini nyinyi mnatia harufu? Mama anajua mtoto kwa pua. Mimi nilikataza. Dada mrefu alicheka."

Maji yakanipalia.

Dada mrefu ni mmoja tu kwetu.

Nilimkuta anakula. "Bimdogo, laoban alisema nini siku ile ya udi?"

"Ah, Mama! Mzaha tu ule. Nilitaka Murshid aone mapema. Aliyeshindwa na panya, mtu atamweza?"

Murshid alikuwa mlangoni. Akainamisha kichwa.

Kauthar alikuwa mkekani, kitoto kiko kifuani ndani ya gauni. Alisikia yote. Hakupaza sauti, kwa sababu angepaza kingeshtuka. Alinyoosha mkono tu nimpe kibomba.

Tone likaning'inia. Ulimi ukatoka, mwembamba kama uzi. Likalambwa.

Nikaingia chumbani, nikayatoa mabegi ya Bimdogo hadi nje ya mlango.

"Mama! Mimi mwanao!"

"Bu yao."

Mvua ilikuwa inamwagika. Na mnajua nani aliyetoka kumpa mwavuli? Kauthar, kitoto bado kifuani. Bimdogo akauchukua bila kumtazama.

Aliporudi Kauthar akaniambia, "Mama, mrudishe wifi. Hata yule jike hakumtupa mwanawe kwa ubaya. Hakumjua."

Ndiyo. Yule wake alimtupa kwa kuwa hakumjua. Mimi wangu nilimtupa kwa kuwa nimemjua.

Kitoto kinaishi, na sikio lake nusu. Wajukuu wangu wakipiga simu huniuliza, "Bibi, mama hajambo?" Nawajibu hajambo. Sijui.

Ndugu zangu mlio ugenini, msimwachie ulimi wenu mtu anayewacheka.