Mama Aliposikia Ladha

Mdogo wangu aliporudi kutoka Uchina, Mama alikataa kumngojea kwetu Garsen. Alisema mtoto aliyekaa mbali miaka yote ile hapokewi stendi ya basi kama gunia la vitunguu. Basi tukasafiri mimi na yeye hadi Mombasa kumlaki uwanja wa ndege, na njia nzima nililipakata kopo la nyirinyiri niliyompikia mgeni wetu.

Nyirinyiri ndiyo kazi yangu. Nina kihoteli karibu na soko la Garsen. Naikata nyama ya ng'ombe vipande vidogo vidogo, naianika, kisha naikaanga kwa samli na iliki mpaka inakauka kabisa. Wafanyabiashara wa mifugo wanaopita kwenda Hola huniagizia kabla hawajafika. Mtu mmoja tu sikuwahi kumsikia akiisifu, naye ni Mama. Tunaishi pamoja. Mimi ndiye niliyemuuguza ile homa iliyomlaza karibu afe, na tangu apone alikuwa akila vijiko vichache, anasema "Alhamdulillahi," anasukuma sahani. Nilijiambia ni uzee.

Mdogo wangu alitoka na mkoba mgongoni na miwani mipya. Mama alimshika uso kwa mikono miwili akalia. Mimi nilipewa mkono, nikakumbatiwa, nikamkabidhi kopo langu. Alilinusa, akacheka, akalitia mkobani.

"Hii nitakula nyumbani, dada. Leo nawalisha mimi."

Alitupeleka mkahawa wa Wachina. Mama alisimama mlangoni.

"Hawa si wanakula nguruwe?"

"Mwenye hapa ni Muislamu, Mama. Huko nilikosoma wako wengi tu."

Ukutani palikuwa na Bismillahi iliyoandikwa kwa dhahabu. Mama aliisoma kwa sauti, akaridhika, akaketi. Mhudumu, msichana wa hapo hapo Mombasa, alituletea kitabu cha vyakula chenye picha. Nilikifungua mimi kwanza, kwa sababu chakula cha Mama nakipanga mimi.

"Mama mletee wali mweupe na supu ya kuku," nilisema. "Hali pilipili."

"Nitakula atakachokula mwanangu," Mama akasema.

Nilimsukumia mdogo wangu kitabu. Mimi sijui nilikuwa mtoto wa nani pale mezani.

Mdogo wangu aliweka kidole kwenye picha ya nyama nyekundu iliyozungukwa na pilipili kavu. Nyama ya ng'ombe ya Sichuan, alisema, jimbo alilosomea. Mhudumu alimtazama, akasita. "Dada, hiyo ni kali. Wengi huirudisha." Hapo mwenye mkahawa mwenyewe akatoka jikoni, na mdogo wangu akaanza kuongea naye Kichina. Hakuwa anababaisha maneno mawili matatu, alikuwa anaongea kama mtu aliye kwao, mikono ikienda, kicheko kikitoka mahali pake. Yule mzee alitutazama, akamnyooshea Mama kidole, akauliza kitu. Mdogo wangu akajibu jibu refu. Wote wawili wakacheka.

"Mmesema nini?" nikauliza.

"Ameuliza kama huyu ni mama yangu."

Jibu la swali kama hilo ni neno moja. Yake yalikuwa mengi, na Mama alimtazama mdomoni huku anazungumza kama anayemtazama mtoto akipiga hatua ya kwanza. Mimi nazungumza Kiorma, Kiswahili, Kisomali cha sokoni na Kipokomo cha kununulia ndizi. Hakuna aliyewahi kunitazama hivyo.

Chakula kilipokuja niliona nyama iliyokatwa vijiti vyembamba, ikakaangwa mpaka ikakauka. Nyirinyiri! Nyirinyiri yangu, ila imepakwa mafuta mekundu na kunyunyiziwa vipunje vya rangi ya udongo. Niliweka kidogo ulimini. Ukali ulinipanda hadi masikioni, halafu midomo ikafa ganzi kama nimetoka kung'olewa jino. Niliishika bilauri ya maji, nikamgeukia Mama nimzuie.

Mama alikuwa anatafuna. Machozi yalimtoka, pua ikamtiririka, akajifuta kwa ncha ya mtandio, akachota tena. Na tena. Akavuta sahani karibu yake.

"Mama, itakuumiza tumbo."

"Niache. Nasikia ladha."

Niliiweka bilauri mezani. Ndipo akasema, bila kumtazama yeyote, kwamba tangu ile homa kinywa chake kilikufa. Chumvi, sukari, samli, maziwa, vyote kwake vilikuwa kama kutafuna karatasi.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie ili iwe nini? Unaamka alfajiri kunipikia. Nilikuwa nakula."

Mdogo wangu alimshika mkono akaanza kulia kwa furaha. Nami nilipaswa kufurahi. Lakini nilichowaza ni kwamba nimepika miaka na miaka mbele ya kinywa kilichokufa, na huyu ameshuka kwenye ndege asubuhi, akakifufua kabla ya adhuhuri kwa kuonyesha picha kwa kidole.

Alikaa nasi siku chache Garsen, kisha akaenda Nairobi kuanza kazi. Aliniachia mfuko wa vile vipunje. Mara ya kwanza niliviunguza, vikawa vichungu. Mara ya pili nilipata ule ukavu, ule wekundu, na ulimi wangu ukafa ganzi. Nikampelekea Mama sahani, nikasimama pale pale.

Alikula yote. "Nzuri," akasema. "Ya mdogo wako ilikuwa kali zaidi."

"Ile hakuipika yeye, Mama! Aliiagiza tu!"

Mama alicheka mpaka akakohoa. "Una wivu?"

"Ninao."

"Basi mko wawili. Siku ile anaondoka alinililia. Anasema dada anajua dawa zangu, anajua nalalia ubavu gani, anajua nikinyamaza nina nini. Yeye anajua kuagiza chakula tu."

Nilirudi jikoni kuosha sufuria, na nakiri kwamba maneno yale yalinikaa vizuri mchana kutwa, vizuri kuliko ilivyofaa. Jioni nilimpigia mdogo wangu simu mimi mwenyewe, kabla Mama hajaniomba. Nilimuuliza vile vipunje vinatiwa kabla ya nyama au baada yake.

Alifikiri kidogo. "Sijui, dada. Acha niulize."

Hakujua. Nikamwambia asijali, nitajaribu njia zote mbili.