Ng'ombe Aliyepoteza Weusi Wake

Haijanitoka kichwani, mwanangu, siku ile nilipofunua manyoya ya ng'ombe wetu kwa vidole nikaona weusi unarudi. Nilipiga kelele mpaka mbuzi wakatawanyika. Wewe uko chuoni Chimwaga, vimeng'enya unavisoma vitabuni. Mimi kazi yao niliiona kijijini Gulwe, kwenye ngozi ya ng'ombe.

Alikuwa mweusi tii, ametengwa kwa mahari ya kaka yangu. Mwaka ule akaanza kupauka, akawa wa hudhurungi, na kuzunguka macho utadhani kavaa miwani. Basi watu wakasema ni kijicho cha Bibi Nyemo, mjane jirani yetu, kwa kuwa alipita zizini akamsifia. Baba, mtu mkali yule, akaapa kwamba ng'ombe akifa, Bibi Nyemo atahama kijiji. Na ndiye aliyenilea mama yangu alipougua, nilikuwa silali kwa hofu.

Daktari wa mifugo alipokuja kuchanja, nikamvuta mkono, nikamweleza yote na kiapo cha Baba. Akamtazama ng'ombe, akauliza anachungwa wapi.

"Binti, huyu amepungukiwa shaba."

Shaba! Mimi niliijua ya bangili tu. Akanieleza bila haraka: "Weusi wa manyoya hutengenezwa na kimeng'enya, nacho hakifanyi kazi mpaka kishike ioni za shaba, chembe ndogo mno zenye chaji. Malisho ya huku hayana ya kutosha. Kimeng'enya kipo, ila kimekaa bure."

Nikamwambia amdunge hiyo shaba mara mbili apone upesi. Akanikemea palepale.

"Shaba ikizidi inavuruga vimeng'enya vingine, ini linaharibika, ng'ombe anakufa. Na akifa, unajua atakayefukuzwa."

Akamdunga kipimo chake, basi. Baba akakubali kusubiri, huku amenuna.

Wiki zikapita, kila asubuhi nafunua manyoya. Mpaka siku hiyo ninayokwambia: ncha bado za hudhurungi, lakini shinani weusi mpya, unang'aa! Baba akaja mbio, akainama, akapapasa. Kisha akaelekea kwa Bibi Nyemo, nami nyuma yake.

Tulimkuta ameshafunga mzigo wake, anangoja kufukuzwa. Baba, ambaye sikuwahi kumsikia akimwomba mtu radhi, akapiga goti mlangoni.

"Mama, nisamehe."

"Inuka, baba," akasema. "Nisaidie kufungua hii kamba, nimeikaza sana."

Kwa hiyo, mwanangu, jambo likikuharibikia usikimbilie kutafuta mtu wa kulaumu. Tafuta kwanza kilichopungua, na ukishakijua, kitie kwa kipimo, hata kama moyo unakwenda mbio. Mimi mpaka leo nafurahi kama mtoto nikifikiri kwamba chembe nisizoweza kuziona zilimwacha mama yule alale nyumbani kwake.

Mungu akufungulie akili, akupe na subira, na asiwepo mtu atakayefunga mzigo wake kwa ajili ya neno lako.