Betri Ilipopumzika Stesheni

Vijana wa kwetu Kolwezi wakianza kusimulia habari za magari ya umeme, namna yanavyokimbia bila moshi wala kelele, Mama Mbuyu huwaacha waseme mpaka wachoke. Kisha huuliza, "Ile gari munasema, mulima inapanda?" Wakijibu kwamba inapanda, huuliza tena, "Na kurudi, inarudi?" Wao hucheka, wakidhani mama mzee hajui kitu. Mimi ninayepanga chumba uani kwake najua kwamba aliendesha gari la umeme kabla wengi wao hawajazaliwa.

Alizaliwa mtaani Musonoi, binti wa Kalumba, mtu wa kaskazini ya Katanga aliyekuja kutafuta kazi ya mgodi. Pacha mwenzake alifariki wangali wachanga, na labda ndiyo sababu mama yao alimwacha yule aliyebaki afanye karibu kila alichotaka. Akacheza mpira na wavulana. Akapanda juu ya mabehewa ya madini. Alipokuwa msichana mkubwa aliajiriwa hospitalini mjini, sehemu ya udobi, kufua na kuchemsha shuka za wagonjwa.

Nyumba ya udobi ilikuwa chini bondeni, na wadi zilikuwa juu. Shuka zilipandishwa kwa kigari cha betri ambacho wafanyakazi walikiita sharyo. Kilikuwa jukwaa la chuma lenye magurudumu manne madogo. Dereva alisimama mbele, ameshika usukani mfano wa mpini wa jembe. Chini ya jukwaa zilipangwa betri za madini ya risasi, nzito kiasi kwamba wanaume walioinua sanduku lake walikuwa wakitukanana njia nzima. Kilikwenda mwendo wa mtu mwenye haraka kidogo.

Dereva wa zamani alipostaafu, hakuna mwanamume aliyekitaka. Walisema gari lisilonguruma si gari. Mkubwa wa udobi alipouliza mara ya pili nani atakichukua, Mbuyu aliinua mkono ukiwa bado na povu la sabuni.

Aliyemfundisha alikuwa Mulumba, fundi wa umeme mwenye kulinda chumba cha kuchaji. Baba yake Mulumba aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, lakini Mulumba mwenyewe alizaliwa palepale Kolwezi, na Kasai alikuwa hajaikanyaga.

"Mama, hii kitu haina tumbo kubwa," alimwambia siku ya kwanza. "Ile ilikula usiku, njo itatumia mchana. Haiko na ingine. Ukiikimbiza sana, itakulalia mu njia."

Mbuyu alijifunza kuongeza maji safi ndani ya betri, kusikiliza mota inapolalamika, kunusa kama kuna joto lisilo la kawaida. Asidi ilimtobolea vitenge vyake vyote. Kila matone yalipomrukia, baada ya wiki kitambaa kilikuwa kama kimetafunwa na panya. Mke wa Mulumba, Tshibola, alikuwa mshonaji. Alipoona matundu yale alicheka, akamwita nyumbani, akayafunika kwa viraka vya maua kwa cherehani yake. Hapo ndipo urafiki wao ulipoanza. Baadaye hata vitenge visipotoboka Mbuyu alipita jioni, akakaa karibu na cherehani, wakaongea.

Ilikuwa miaka mizuri. Aliolewa na Mukalay, fundi wa garimoshi la mgodini, mtu mpole aliyependa kula na kulala. Wakapata watoto. Na kila asubuhi alitoa kigari chake kwenye chaji, akapanda na shuka zikinukia jua, wagonjwa wakimpungia mkono madirishani.

Kisha mambo yakaanza kuanguka. Sehemu ya mgodi iliporomoka, uzalishaji ukashuka, vipuri vikaisha. Mafuta yakawa hadithi. Gari la wagonjwa lilisimamishwa juu ya matofali, magurudumu yake yakaondoka yasijulikane yalikokwenda. Umeme wa bwawani, hata hivyo, uliendelea kuja, na kwa hiyo kigari cha shuka ndicho kilichobaki kinatembea. Mbuyu aliweka godoro juu ya jukwaa, akaanza kubeba wagonjwa. Alibeba akina mama wenye uchungu, wazee wenye homa, mchimbaji aliyevunjika mguu akaimba zaburi njia nzima ili asilie.

Lakini betri nazo zilikuwa zinazeeka, na mpya hazikuja. Mwanzoni kigari kiliweza kufika sokoni na kurudi. Mwaka uliofuata kilifika kanisani tu. Chembe moja ya betri ilipokufa, Mulumba aliiruka kwa kipande cha waya wa shaba, akaunganisha zilizobaki, na kigari kikaendelea kwa nguvu pungufu. Kila alipofanya hivyo alimwambia Mbuyu umbali mpya, kama daktari anayempunguzia mgonjwa chumvi.

Ndipo yakaja maneno kwamba watu wa Kasai waende kwao. Yalianza kwenye mikutano ya wanasiasa, yakaingia sokoni, yakafika mpaka kwenye foleni ya maji. Watu waliokuwa wameombana chumvi miaka yote wakaanza kuitana wadudu. Milango ilivunjwa, kazi zikachukuliwa. Familia baada ya familia ilibeba mizigo kwenda stesheni kungoja treni isiyojulikana itakuja lini. Mulumba aliambiwa asirudi kwenye chumba cha kuchaji. Watoto wake walitangulia stesheni pamoja na mjomba wao, lakini yeye na Tshibola walibaki kwa sababu ya mama yake, Mama Ndaya, aliyekuwa amelazwa na nyonga iliyovunjika. Hakuweza hata kukaa vizuri, sembuse kutembea.

Tshibola alikuja udobini asubuhi moja, akasimama mlangoni bila salamu. "Dada, bamesema leo tutoke mu nyumba. Mama tutamubeba namna gani mpaka stesheni?"

Mbuyu alitazama kigari chake. Alimwita Mulumba, aliyekuwa amejificha nyuma ya matangi ya maji, naye akafungua kifuniko, akapima kila betri kwa kipimo chake cha kioo.

"Itafika kule," alisema. "Kurudi, sizani."

"Kufika njo nimeuliza," Mbuyu akajibu. "Kurudi sijakuuliza."

Kwa kweli aliogopa. Alfajiri ileile mumewe alikuwa amemwambia, "Mbuyu, ujichunge. Bakikuona na bale bantu, batachoma nyumba yetu." Aliogopa nyumba, aliogopa watoto, aliogopa kazi. Lakini alikuwa amekaa kando ya cherehani ile jioni nyingi mno, asingeweza kusema hapana. Sista wa wadi alitazama dirishani, akasema shuka za siku ile zinaweza kungoja.

Wakamlaza Mama Ndaya juu ya godoro. Miguuni mwake wakaweka sufuria, mablanketi, na cherehani. Mbuyu akavaa koti lake jeupe la hospitali, akashika usukani. Mulumba na Tshibola walitembea ubavuni.

Kwenye njia panda vijana walikuwa wameweka gogo. Walikuwa na fimbo, na mmoja alikuwa na panga. Walikizunguka kigari kwa mshangao.

"Hii inatembea bila moto?" akauliza mwenye panga. "Ni ya bulozi?"

"Ni ya lopitalo," Mbuyu akasema. "Chini muko asidi. Uguse, itakula mukono yako. Na huyu mama ni mugonjwa. Mutoe ile muti, tupite."

"Weye ni mutu wa wapi?"

"Mi ni mutoto wa Kalumba wa Musonoi. Uliza mama yako, atakuambia."

Vijana walirudi nyuma kidogo kwa ajili ya ile asidi. Walimtazama Mama Ndaya, naye akawatazama bila kupepesa. Hatimaye waliondoa gogo, lakini si kabla ya kuibeba cherehani. Tshibola aliifuata kwa macho mpaka ikaingia uani kwa mtu, kisha akageuka akaendelea kutembea. Mbuyu anasema hapo ndipo, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, alitamani gari lenye mbio.

Karibu na stesheni kuna mpando. Mota ilianza kuguna, magurudumu yakasota. Mbuyu akashuka, akaongoza kwa miguu huku Mulumba na mkewe wakisukuma nyuma. Kilipanda polepole, kikasimama, kikapanda tena. Walipofika mbele ya jengo la stesheni kikatoa mlio mdogo, kikazima kabisa.

Mahali pale palikuwa pamejaa watu. Walilala chini ya shuka, magunia na mabati, kati ya reli, mpaka ndani ya mabehewa mabovu. Moshi wa mkaa ulitanda. Watoto walikohoa. Pembeni kwaya ya parokia fulani, iliyokuwa imefika nzima na viongozi wake, ilikuwa ikifanya mazoezi kana kwamba Jumapili itakuwa kama kawaida. Watoto wa Mulumba waliwaona, wakaja mbio, wakamrukia bibi yao mpaka akalia kwa maumivu na furaha.

Mulumba alifungua kifuniko tena. "Mbili zimekufa. Nitaziruka. Lakini hizi zingine zimechoka tu. Uiache ilale, mama. Betri ikipumzika, inarudisha roho kidogo."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka ikubali."

Hivyo ndivyo Mbuyu alivyopata siku nzima na rafiki yake. Asingeipata kama kigari kingekuwa na nguvu. Angeshusha mgonjwa, angeaga kwa haraka, angerudi kwenye shuka zake. Badala yake alivua koti, akakaa chini. Alimsaidia Tshibola kutafuta maji. Wakasonga bukari, ugali wa kwetu, wakapika maharage. Walimwosha Mama Ndaya, wakamsuka nywele. Tshibola aliizungumzia cherehani, akalia kidogo, kisha akakumbuka kitenge cha kwanza alichokitia kiraka, ua jekundu mahali pasipofaa kabisa, na wote wawili wakacheka mpaka majirani wakageuka.

Mama Ndaya naye alichangamka. "Mi nilifika Kolwezi bibi-arusi, na treni, nikakaa juu ya mizigo ya bantu," alisema. "Leo nimetoka lopitalo na gari yangu, nimelala juu ya godoro. Nani anasema sikuendelea?"

Jua lilipokuwa limeinama, Mukalay alitokea kati ya umati, shati limelowa jasho. Alikuwa ametembea kutoka nyumbani, akiuliza kila mtu kama amemwona mwanamke mwenye kigari. Alipomwona mkewe amekaa na bakuli mapajani, hasira na ahueni vilimjia pamoja.

"Nilizani bamekuua!"

"Betri njo ilikufa," Mbuyu akasema. "Mi niko muzima."

Tshibola alimletea Mukalay maji ya kunawa, akampigia goti kidogo kama ilivyo desturi. "Tata, karibu ukule."

Mukalay alisimama. Alitazama watu, akatazama reli, akamtazama Mulumba. Kisha akaketi. Akala. Baadaye Mulumba akamwuliza kuhusu garimoshi fulani la mgodini lililokuwa likisumbua breki. Mukalay akamweleza, kwanza kwa neno mojamoja, halafu kwa mikono yote miwili. Walikuwa bado wanabishana juu ya breki ile Mbuyu alipojaribu swichi, na kigari kikatikisika, kikasogea.

Waliagana. Mama Ndaya alimshika Mbuyu mikono yote miwili, akaiweka kifuani pake. Mulumba alitoa agizo la mwisho: "Mu mushuko usikanyage pedali. Uiache ishuke yenyewe. Moto wa betri uubakishe kwa kupanda."

Alifanya kama alivyoagizwa. Kigari kilishuka chenyewe kwa ukimya, upepo ukipiga koti, Mukalay akikimbia kando akimsihi apunguze. Bondeni moto ulitosha kukivusha daraja na kukifikisha nusu ya njia. Nusu iliyobaki Mukalay alisukuma, yeye aliyemwonya mkewe asubuhi ajichunge. Kwenye njia panda gogo lilikuwepo lakini vijana hawakuwepo, na mume na mke walilisogeza wenyewe.

Treni ilichelewa sana kuja. Wengi walifia njiani na stesheni. Lakini familia ya Mulumba ilifika Mwene-Ditu, huko Kasai, Mama Ndaya akiwemo, na alipofariki baadaye alifia kitandani kati ya wajukuu. Nyumba ya Mbuyu haikuchomwa. Hospitalini alikaripiwa, basi. Kigari kiliendelea miezi michache, kisha chembe nyingine zikafa na hakuwepo mtu wa kuziruka. Wakatoa betri, wakakifunga kamba, wakawa wanakivuta kwa mikono. Mbuyu alikivuta mpaka alipostaafu, na anasema shuka hazikujua tofauti.

Amani iliporudi, Tshibola alirudi Kolwezi, si kuhamia bali kufanya biashara ya maharage. Mulumba amebaki Mwene-Ditu. Ana kibanda cha kuchajia watu betri za redio, na hutuma salamu pamoja na magunia. Msimu wa mavuno Tshibola analala kwa Mama Mbuyu wiki nyingi, na sisi wapangaji hatupati usingizi wa alfajiri kwa sababu yao. Leo hii nilipokuwa nanawa uso uani nilisikia wakigombana jikoni kuhusu sombe, mboga ya majani ya muhogo: mmoja anataka itiwe karanga, mwingine anasema karanga zinaiharibu. Mzee Mukalay alikuwa amekaa mlangoni, sahani tupu mapajani, akingoja kwa subira wamalize.